Kuanguka Kupi

Inspekta hakupenda kupewa mtuhumiwa aliyekwisha kumenywa kama chungwa. Asubuhi ile, saa tatu kasorobo, katibu wa hospitali alimpa mmoja ndani ya bahasha.

Barua ilikuwa ya kurasa mbili, imechapwa vizuri, haina kosa hata la nukta. Kichwa chake kilisema ni matokeo ya uchunguzi wa ndani. Chini yake kulikuwa na kosa, siku ya kosa na mkosaji: karani wa kumbukumbu za wagonjwa, mwanamke wa miaka ishirini na sita kazini, ambaye kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari wa upasuaji wote walimwita Mama Namba.

"Tumekurahisishia kazi, afande," Katibu alisema, akamsogezea kiti.

Inspekta alibaki amesimama. Aliisoma barua mara mbili, kama alivyosoma kila kitu tangu aanze kazi. Mara ya kwanza husoma kilichoandikwa. Mara ya pili hutafuta kilichoachwa.

Habari yenyewe aliijua. Jumanne ya wiki iliyopita, fundi cherehani mmoja, mama wa miaka arobaini na mmoja, alifariki wodini asubuhi. Alikuwa amelazwa kwa nimonia, amepata nafuu, anangoja kuruhusiwa. Cheti cha kifo kilitoka Alhamisi kikisema kifafa. Kaka yake, fundi mwashi mwenye viganja vipana kama mwiko wake wa kazi, alikataa kuzika. Alikwenda kituo cha polisi akakaa kwenye benchi siku mbili. Kila afisa aliyepita mbele yake alimwambia sentensi ileile, kwamba dada yake hajawahi kuwa na kifafa na hatazikwa na ugonjwa wa mtu mwingine. Walimzoea, kisha wakamchoka, hatimaye wakaona aibu. Jumatatu daktari wa polisi akaifungua maiti. Fuvu lilikuwa limepasuka nyuma ya sikio la kushoto, na damu imevilia kwenye ubongo.

Basi kuna mtu aliyeligeuza pigo la kichwa likawa ugonjwa. Mkuu wa kituo alimtaka mtu huyo kabla ya saa kumi jioni, na tayari alikuwa amezungumza na Katibu kwa simu. Hati ya kukamata ilikuwa mfukoni mwa Inspekta, jina la Mama Namba limeshachapwa. Kosa lilikuwa kughushi kumbukumbu za kifo, na adhabu yake ni kifungo. Mwanamke mwenyewe alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Katibu alifungua faili la marehemu na kuweka kidole kwenye mistari miwili iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Inspekta alisoma: *Sababu ya kifo: kuanguka kutoka kitanda namba 14, jeraha la kichwa.* Chini yake kulikuwa na sahihi ya daktari wa wodi. Pembeni, kwa wino mwekundu, karani alikuwa ameandika G40.

"Hiyo G40 ni namba ya kifafa," Katibu alieleza. "Daktari kaandika ukweli, karani kaandika uongo. Karatasi ndiyo hiyo, haina mjomba wala shangazi."

Inspekta aliuliza karani angefaidika nini. Katibu alisema ni kinyongo tu. Mama Namba alinyimwa ukuu wa idara mara mbili, na tangu hapo alikuwa akitafuta namna ya kuichafua hospitali. Tena Jumatano, siku moja baada ya kifo, alipanda wodini akamfokea daktari mbele ya wagonjwa. Sista wa zamu alisikia na yuko tayari kuandika maelezo.

"Mkamatwa na ngozi, afande," Katibu alisema akitabasamu.

"Ndiye mwizi wa nyama," Inspekta alimalizia. "Hiyo methali haijawahi kunifaa kazini. Wenye nyama huwa wameshakula na kunawa mikono."

Akachukua faili, akaiacha barua mezani.

* * *

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa chini kabisa ya jengo, baada ya stoo ya mashuka. Kilikuwa na dirisha moja, nalo lilikuwa juu, usawa wa viatu vya wapita njia. Mafaili yalijaa kutoka sakafuni hadi darini, yamefungwa kwa kamba mafungu mafungu. Kwenye meza moja kulikuwa na kompyuta, na kando yake vitabu vitatu vinene vilivyochoka migongo.

Mama Namba alikuwa mfupi, mnene kidogo, miwani yake imeshikizwa na uzi shingoni. Hakuinuka. Alimalizia faili alilokuwa akisoma, akaandika namba yake nyekundu, akaliweka kulia, kisha ndipo akamtazama mgeni.

"Umekuja na pingu au nazo zinapigwa chapa kwanza?"

Inspekta akasema amekuja na maswali. Akaketi juu ya fungu la mafaili kwa kuwa kiti cha pili hakikuwapo. Mama Namba akamwambia ainuke, hao aliowakalia ni wagonjwa wa mwezi uliopita. Akainuka.

Alimwomba amweleze kazi yake kama anavyomweleza mtu asiyejua lolote. Mama Namba alisema hilo halitakuwa gumu. Kila mgonjwa anayetoka hospitalini, kwa miguu yake au kwa machela, faili lake hushuka kwake. Yeye husoma alichoandika daktari, hukitafuta katika vile vitabu vitatu, na hukipa namba. Namba hizo ndizo zinazokwenda kwenye cheti, kwenye ripoti, wizarani, mpaka kwenye dawa zitakazoagizwa mwakani. Daktari akiandika hovyo, yeye hupekua. Kuku akikanyaga wino, alisema, atawashinda mwandiko nusu ya madaktari wa jengo hili. Lakini sheria ya kazi ni moja: haongezi neno, hapunguzi neno, habahatishi.

"Na hii G40 ni yako?"

"Ni yangu. Mwandiko wangu, wino wangu. Sitakusumbua kwa hilo."

Inspekta alimsomea mistari miwili ya bluu. Alipofika mwisho, Mama Namba alinyoosha mkono akalivuta faili kwa nguvu mpaka likakunjika pembe. Alisoma. Shingo yake ikavimba mshipa. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Haya maneno hayakuwapo."

"Yepi?"

"Yote isipokuwa moja. Lilikuwapo neno moja tu. *Kuanguka.* Akaweka sahihi, basi."

Inspekta akangoja aendelee. Mama Namba alivua miwani.

"Mwanao akidondoka ukutani, unasemaje?"

"Ameanguka."

"Na mtoto wa jirani mwenye kifafa, ukitaka kumsitiri mama yake usilitaje lile neno?"

Nyumbani alikokulia Inspekta kulikuwa na binamu wa namna hiyo, na hakuna aliyethubutu kutaja kifafa mbele ya shangazi.

"Ninasema ana ugonjwa wa kuanguka."

"Umeona. Sasa kitabu changu hakina huruma hiyo. Kina kuanguka kutoka kitandani, W06. Kutoka kwenye kiti, W07. Kwenye ngazi, W11. Hata kuanguka kutoka mtini kuna namba yake. Na kifafa, G40, kiko sura nyingine kabisa, kwenye maradhi ya neva. Daktari kaniachia neno moja lenye milango miwili. Ningefanya nini? Nilipanda ngazi kumuuliza: kuanguka kupi?"

Kwa hiyo kelele za Jumatano zilikuwa hizo. Inspekta aliandika. Mtu anayetaka kughushi, alijiambia, hapandi ghorofa tatu kuuliza mbele ya watu.

Akauliza daktari alijibu nini. Mama Namba alisema daktari alicheka. Akamwambia kuanguka ni kuanguka, asimpotezee muda. Yeye akapandisha sauti, ndiyo, na wagonjwa walisikia. Ndipo daktari akamvuta pembeni na kumwambia aandike ule ugonjwa.

"Alikuandikia?"

Mama Namba alisema zamani alikuwa na kijitabu cha maswali. Kila penye shaka aliandika swali, daktari akajibu kwa mkono wake, nakala ikabaki kwake. Madaktari wakalalamika kwamba karani anawatahini kama wanafunzi. Katibu akakifuta kijitabu mwaka jana, akasema kinachelewesha ripoti. Tangu hapo maswali yakawa ya mdomo.

"Wewe uliamini kwamba ni kifafa?" Inspekta aliuliza.

"Faili zima halina dawa ya kifafa hata kidonge. Hakuna aliyeandika kwamba alitetemeka wala kutoka povu. Nilishuku."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

"Mama, mtu amekufa kwa fuvu lililopasuka, na wewe ulishuku ukaandika." Inspekta hakupandisha sauti, lakini kalamu ilikuwa imetoboa karatasi. "Unajua nina nini mfukoni?"

"Ninajua. Na hilo la kushuku liandike hivyohivyo. Usinirembee." Alisukuma miwani machoni, akaligeuza faili kuelekea kwake tena. "Ila kwa hili jingine sitakwenda jela nimenyamaza. Daktari huyu ninamsoma mwaka wa nne. Hajawahi kunipa zaidi ya maneno mawili kwa maiti. Leo ananipa sentensi, ina mahali, ina jeraha, ina mpaka namba ya kitanda. Kitanda kinanihusu nini mimi? Hakuna kitabu kati ya hivi vitatu kinachouliza namba ya kitanda. Mtu mkweli huandika kinachotakiwa. Huyu kaongeza chumvi mpaka mchuzi umekuwa bahari."

Lilikuwa neno la mtuhumiwa dhidi ya karatasi, na mahakamani karatasi ingeshinda. Saa ya Inspekta ilisema saa tano na robo. Aliondoka bila kumuaga, naye hakudai kuagwa.

* * *

Wodi ya wanawake ilinuka rangi mbichi. Kuta zilikuwa nyeupe, na juu ya kila kitanda palikuwa na namba nyeusi ya ukubwa wa sahani. Vitanda vilikuwa kumi na vinne katika safu moja ndefu, namba moja karibu na mlango, namba kumi na nne chini ya dirisha la mwisho.

Sista wa zamu alimpokea kwa adabu ya mtu aliyefundishwa la kusema. Alithibitisha kelele za Jumatano. Alipoulizwa maneno yenyewe, alisema hakuyasikia vizuri, ila hasira aliisikia. Akampeleka kwenye kitanda cha dirishani. Marehemu alilala hapa, alisema, akaonyesha namba ukutani: kumi na nne. Kitanda na faili vilikubaliana. Inspekta alihisi kesi inamteleza.

Aliinama akakagua chuma cha ubavuni, kile kinachopandishwa ili mgonjwa asibingirike. Kilikuwa imara. Bolti zake mbili ziling'aa kama meno mapya kwenye kitanda ambacho kila kitu kingine kilikuwa na kutu. Akamuuliza Sista bolti zimebadilishwa lini. Sista akasema hajui, hayo ni mambo ya mafundi. Alipoulizwa zilizokuwapo kabla zilikuwaje, alisema zilikuwa za kawaida, na akaanza kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

Inspekta aligeuka kuondoka. Karibu na mlango, bibi mmoja mwenye mguu kwenye plasta alimwita kwa kidole.

"Wewe ndiye askari wa yule binti wa cherehani?"

Inspekta aliitika, akamwamkia. Bibi akajibu salamu kwa ukamilifu, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, kisha akamuuliza kwa nini anakichunguza kitanda kile kwa kukiinamia kama anatafuta sindano.

Akamwambia anathibitisha tu kwamba marehemu alianguka kutoka kitanda namba kumi na nne.

"Kumi na nne?" Bibi alimtazama Sista, akamtazama Inspekta. "Mimi ndiye kumi na nne, mjukuu wangu. Nimekufa lini?"

Wagonjwa wawili jirani walicheka, mmoja akashika kifua kwa maumivu. Inspekta hakucheka. Aliangalia juu ya kichwa cha bibi. Namba ukutani ilikuwa moja.

Bibi alieleza bila kuombwa. Yeye alilazwa wiki tatu zilizopita, akapewa kitanda namba kumi na nne, hapahapa mlangoni, na akaikariri kwa kuwa ndiyo waliyomwitia sindano. Binti wa cherehani alikuwa namba moja, kule dirishani. Ijumaa wakaja wapaka rangi. Wakazifuta namba zote, na Jumamosi wakazichora upya kwa kuanzia mlangoni. "Nikalala kumi na nne nikaamka moja," alisema. "Mpaka leo sindano ya mwenzangu inanitafuta mimi."

Inspekta alimwomba Sista daftari la wodi. Sista alisema liko kabatini na ufunguo hauonekani. Inspekta akasema atangoja, hata mpaka kabati lenyewe liote kutu. Ufunguo ukaonekana. Ukurasa wa Jumanne ulikuwa kama alivyosema bibi: kitanda 1, fundi cherehani, amefariki saa nne kamili. Kitanda 14, bibi wa mguu. Kulikuwa na mstari mwingine juu yake, wa Sista mwenyewe, wa saa tatu na dakika ishirini: *K.1 ameanguka, chuma kimefunguka. Dr ameitwa.*

Sista alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu. Inspekta alimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza kama alianguka, walimwuliza tu kama Mama Namba alifoka.

"Chuma kilikuwa kibovu tangu lini?"

"Miezi miwili. Niliandika barua tatu kwa Katibu. Yule mama mwenyewe alichoka kungoja, akakifunga kwa kipande cha shuka, akakishona kabisa kwa sindano yake. Aliniambia, Sista, mshono wangu haufumuki." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Asubuhi ile wakabadilisha mashuka. Mfagizi akaona kitambaa kichafu, akakikata."

* * *

Daktari wa wodi aliitwa ofisini kwa Katibu saa nane na nusu. Alikuwa kijana mwenye koti safi na macho ya mtu asiyelala. Inspekta alimketisha mbele ya karatasi ya maelezo, Katibu akabaki nyuma ya meza yake, mikono imekunjwa.

Inspekta alianza polepole. Aliuliza daktari anafanya kazi hapa tangu lini, alikuwa na wagonjwa wangapi siku ile, aliitwa saa ngapi. Daktari alijibu yote. Ndipo akamwekea faili.

"Haya uliyaandika lini?"

"Siku ileile. Jumanne, saa nne, palepale kitandani."

"Sentensi yote?"

"Yote."

"Kwa kalamu moja, kwa mara moja?"

"Ndiyo, afande."

Inspekta aliyaandika majibu neno kwa neno, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Daktari akatia. Kisha Inspekta akafungua daftari la wodi kando ya faili.

"Jumanne, kitanda kumi na nne alilala nani?"

Daktari alisoma. Alisoma tena. Alipoinua uso, hakumtazama Inspekta, alimtazama Katibu.

"Namba zilibadilishwa Jumamosi," Inspekta alisema. "Jumanne hukuweza kuandika kumi na nne, hata kama ungekuwa mganga wa nyota. Uliyaandika haya baada ya maiti kupasuliwa. Na kwa sababu ulitaka yasiwe na kasoro, ulikwenda ukasimama mbele ya kitanda, ukainakili namba ukutani."

Katibu alisema huo ni mkanganyiko mdogo wa kiofisi. Inspekta alimwomba anyamaze. Katibu akasema atampigia simu mkuu wa kituo, wanafahamiana. Inspekta akamwambia simu ni hiyo hapo, na akimpata amsomee na ukurasa wa Jumanne. Mkono wa Katibu ulifika kwenye simu ukaishia hapo.

Daktari alizungumza akiangalia magoti yake. Jumanne aliandika neno moja kwa sababu alikuwa na wagonjwa wengine kumi na watatu, na kwa sababu Katibu alimwambia asieleze mengi kwanza. Jumatano Mama Namba alipokuja kuuliza, Katibu alikuwa amekwisha kumpa jibu: aseme ni ugonjwa, wafunike kombe mwanaharamu apite, chuma kitatengenezwa kimyakimya. Jumatatu jioni, ripoti ya daktari wa polisi ilipofika, Katibu alimletea faili nyumbani kwake. Safari hii alitaka ukweli. Uandikwe wote, tena vizuri, ili uongo ubaki umeandikwa kwa wino mwekundu peke yake.

"Nilimwambia Katibu kwamba yule mama atafungwa," daktari alisema. "Akaniambia anastaafu hata hivyo."

Inspekta alijikuta amesimama, na ngumi yake ilikuwa juu ya meza, hakumbuki aliiweka saa ngapi. Katika miaka yake yote ya kazi aliona watu wakiua kwa panga, kwa sumu, kwa gari. Aliwahi hata kuwaelewa wachache wao. Katibu huyu alikuwa amemwacha mgonjwa adondoke, akamvisha maradhi, kisha akamtafutia mwanamke wa chini ya ngazi ambebee maiti.

Alitoa hati mfukoni, akakata jina lililochapwa kwa mstari mmoja, akapiga simu kituoni mwenyewe. Alisoma ukurasa wa Jumanne kwa sauti, mara mbili. Upande wa pili ukauliza majina mapya yanaandikwaje.

* * *

Kabla gari halijafika, Inspekta alimshusha daktari mpaka chumba cha kumbukumbu. Cheti kilipaswa kusahihishwa, na karani hasahihishi kwa kuambiwa.

Mama Namba alisikiliza habari yote amesimama. Hakushukuru, wala hakukaa. Alimsogezea daktari karatasi tupu na kalamu.

"Andika ilivyokuwa."

Daktari aliandika. Mama Namba akaitazama karatasi, akairudisha.

"Sisomi hapa. Andika tena."

Akaandika tena, polepole zaidi. Akarudishiwa, neno la tatu halisomeki. Mara ya tatu aliandika herufi mojamoja kama mtoto wa darasa la kwanza, jasho likimdondoka kwenye kola: mgonjwa alianguka kutoka kitandani baada ya chuma cha ubavuni kufunguka, akapasuka kichwa. Mama Namba aliikata G40 kwa mstari mmoja, akaweka sahihi juu yake, akaandika S06 ya jeraha la ndani ya kichwa na W06 ya kitanda. Kisha akafungua kitabu kurasa za mwisho kabisa, akafuatisha mistari kwa kidole, na akaongeza Y74.

Inspekta akauliza hiyo ni nini.

"Kifaa cha hospitali kilichomdhuru mgonjwa. Imo kitabuni siku zote. Miaka ishirini na sita, hakuna daktari aliyewahi kuniandikia maneno ya kunifikisha ukurasa huu."

Askari wawili walimchukua daktari mlangoni, Katibu wakiwa wameshamtia garini. Walipoondoka, fundi mwashi alikuwa amesimama kwenye korido, saruji imekauka kwenye suruali yake. Alikuwa amekwenda kituoni akaambiwa aje huku. Inspekta alimweleza kwa ufupi nani kafanya nini. Mwashi alisikiliza bila kuondoa macho kwa mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza.

"Wewe ndiye uliyeandika kifafa."

"Ndiye mimi."

"Ulijua si kweli?"

"Nilishuku, kaka yangu. Nikaandika." Alichukua cheti kipya kilichotoka kwenye mashine, kingali na joto, akakinyoosha kwake kwa mikono miwili. "Hiki ndicho sahihi. Nimekosa, na afande ameandika kwamba nimekosa."

Mwashi hakukipokea.

"Dada ameacha watoto watatu," alisema. "Tangu Alhamisi majirani wamewatenga. Wanasema kifafa kiko kwenye mate. Kikombe walichonywea shuleni kimetupwa jalalani. Mdogo ana miaka sita, ananiuliza mate yake yana nini. Sasa niende nikawaonyeshe karatasi? Nusu yao hawajui kusoma. Karatasi yako ya kwanza hawakuisoma pia, waliisikia tu."

"Unataka nifanye nini?"

"Cheti hakinywi maji. Wewe utakunywa. Utakuja ukae uani, watu wakuone, uwaambie ni wewe uliyeandika, halafu utakunywa kwenye kikombe cha yule mdogo."

Inspekta alifungua mdomo kusema kwamba sheria haimlazimishi. Mama Namba alikuwa ameshazima kompyuta. Alivifunga vitabu vitatu kimoja baada ya kingine, akachukua mkoba, akauliza nyumba iko upande gani na kama wanakwenda kwa miguu. Mwashi akasema ni kwa miguu, na ni mbali.

"Basi twende," alisema. "Watoto wasilale na neno langu siku nyingine."